Je, Jules Alikuwa Mwoga?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Kisumu. Juzi mwenzangu anayefundisha Kifaransa alituonyesha filamu ya Jules et Jim, nasi tukabishana hadi usiku wa manane. Mume, Jules, anamkabidhi rafiki yake Jim mkewe Catherine, kisha wote watatu wanaishi chini ya paa moja! Wazee wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Je, Jules ni mwoga, au mwongozaji wa filamu ndiye anayeusifu uzinzi?
– Mwalimu, Kisumu

JIBU: Ndugu Mwalimu, nimefurahi kwamba mlibishana, kwa kuwa filamu hii, iliyotoka mwaka 1962 ikiongozwa na François Truffaut, haimwachi mtazamaji alale mapema.

Neno la woga silikubali. Kumbuka kwamba mwanzoni, Paris, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, marafiki hawa walikuwa wakishirikiana karibu kila kitu, lakini Catherine alipotokea Jules alimwambia Jim waziwazi kwamba huyu hapana. Mtu anayeweza kusema hivyo anajua kulinda kilicho chake. Kisha vita vikawatenga, Jules akiwa Mwaustria na Jim Mfaransa, kila mmoja akihofu kwamba risasi yake ingempata mwenzake. Na Jules alipohamishiwa upande wa Urusi, ambako mapigano yalikuwa makali, alimwandikia Catherine kwamba aliona afadhali huko, kwa sababu hangeweza tena kumuua Jim. Kwangu mimi hapo ndipo penye moyo wa filamu nzima, ingawa watu wengi hukumbuka tu wimbo anaouimba Jeanne Moreau, mwigizaji wa Catherine, au mbio zile za darajani ambamo Catherine, akiwa amevaa kiume na kuchorwa masharubu, anatoka kabla ya hesabu kwisha.

Baada ya vita, Catherine alikuwa amekwisha kumchoka mumewe, na alikuwa na wanaume wengine. Jules alipomwomba Jim amwoe, akaongeza sharti moja tu: aruhusiwe kuendelea kumwona. Alijua kwamba mke amekwisha kuondoka moyoni, akachagua aende kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hangeweza kumchukia. Unaweza kumlaumu kwa hilo, nami humlaumu ninapomfikiria binti yao mdogo, Sabine, anayekulia katikati ya mambo hayo. Lakini uchungu wa namna hiyo hauvumiliwi na mwoga.

Kuhusu uzinzi, sioni sifa yoyote. Hadithi inatokana na riwaya ya Henri-Pierre Roché ya mwaka 1953, aliyoiandika akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70 kutokana na maisha yake mwenyewe, na sauti ya msimulizi inakwenda kwa utulivu wa mzee huyo, bila kulaani wala kupigia makofi. Mafahali wenu, Mwalimu, hawakupigana hata mara moja. Aliyeshindwa kukaa zizini ni Catherine, ambaye alimpakia Jim garini, akamwambia Jules awatazame vizuri, akaendesha hadi kwenye daraja lililovunjika na kutumbukia naye mtoni. Jules akabaki kuwazika wote wawili. Catherine alitaka majivu yake yapeperushwe na upepo kutoka kilimani, lakini sheria haikuruhusu.