Kitufe cha T hakipimi ethi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Hapa Kigamboni nimenunua jenereta ya petroli ya kilowati 5 ili samaki wangu wasiharibike umeme ukikatika. Fundi wa mtaani kafunga chenji ova (swichi ya kuhama kati ya TANESCO na jenereta), kachimbia nondo ya ethi na kuiunganisha na fremu ya jenereta. Jenereta ikiwa inanguruma, akabonyeza kitufe cha T kwenye RCD (swichi inayokata umeme ukivuja), ikakata. "Umeona mama? Ethi iko sawa." Lakini tesita inawaka matundu yote mawili ya soketi, kwa umeme wa TANESCO inawaka moja tu. Anasema ni kawaida.
Mama wa Kigamboni

JIBU: Mama, fuata ulichokiona. Kitufe cha T kinajaribu RCD yenyewe, kwa umeme kidogo unaozunguka humohumo ndani. Hata ukiing'oa nondo leo, kitakata vilevile.

Tesita kuwaka kote ni dalili kwamba nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya jenereta inaelea. Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani hivyo: koili haijashikana popote na fremu. Nyutro ya TANESCO imefungwa ardhini kwenye transfoma, kwa hiyo umeme ukivuja kwenye friza hupata njia ya kurudi, na RCD ya miliampia 30 hukata. Kwako hauna pa kurudi. Hitilafu ya kwanza inajificha. Ikitokea nyingine kwenye waya wa pili, tuseme kwenye pampu, kati ya friza na pampu kuna volti 230, na ethi ya soketi ikiwa imelegea, anayeshika vyote viwili ndiye njia. RCD haitashtuka.

Soma kwanza kitabu cha jenereta, maana baadhi, hasa za inveta, haziruhusu nyutro kufungwa na ethi. Ikiruhusu, nyutro ifungwe na ethi mahali pamoja tu, palepale kwenye jenereta, kabla ya RCD. Nondo iunganishwe pia na ethi ya nyumba. Chenji ova nayo ikate laini na nyutro kwa pamoja; zinazokata laini peke yake zinaniudhi sana, maana zinaacha nyutro yako imeshikana na ya TANESCO.

Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, aje na kipimo cha RCD. Akichomeke kwenye soketi ya friza, jenereta ikizunguka: kwa miliampia 30 ikate ndani ya milisekunde 300. Kabla ya hapo, samaki nunulia barafu.