Fainali ya au fainali za?

SWALI: Nimesoma gazetini kwamba Taifa Stars "ilicheza fainali za Afrika mwaka 1980". Nijuavyo mimi, fainali ni mechi moja, ile ya mwisho ya kumpata bingwa, na mwaka ule waliocheza ni Nigeria na Algeria. Mwandishi amekosea, au ni uzalendo tu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hajakosea. Angeandika "fainali ya Afrika" ningekuwa upande wako, maana Taifa Stars walitolewa hatua ya makundi: walifungwa 3-1 na Nigeria, wakafungwa 2-1 na Misri, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Lakini ameandika "za", na hapo ndipo penye jibu.

Neno fainali limo katika ngeli ya I-ZI, pamoja na kalamu na nyumba, kwa hiyo umbo lake ni lilelile katika umoja na wingi. Kinachotofautisha ni viambishi vya maneno yanayoandamana nalo. Fainali imechezwa Lagos: hiyo ni mechi moja, Nigeria 3, Algeria 0. Fainali zimechezwa Nigeria: hayo ni mashindano mazima, tangu mechi ya ufunguzi. Waandishi wa michezo wamezoea pia kutenga vitenzi, ingawa si wote: timu hufuzu fainali za mashindano, kisha ikijaliwa hutinga fainali.

Wingi huo una sababu yake. Kombe la Dunia la kwanza, Uruguay mwaka 1930, halikuwa na mechi za kufuzu; timu 13 zilikwenda kwa mwaliko. Mwaka 1934 walioomba walizidi nafasi 16 zilizokuwapo, ikabidi wachujwe, na hata Italia, wenyeji, walilazimika kucheza na Ugiriki ili wapate nafasi kwao wenyewe. Tangu hapo mashindano yana sehemu mbili: mchujo unaochezwa huku na huko, na sehemu ya mwisho inayokusanya waliopita katika nchi moja au zaidi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo fainali, kwa wingi.

Ukishika kipimo hicho utaona historia yenyewe inavyoweza kumtega mwandishi. Kombe la Dunia la 1950 lilikuwa na fainali lakini halikuwa na fainali! Bingwa alipatikana kwa kundi la mwisho la timu nne, kila moja ikicheza na zote. Mechi ya uwanja wa Maracanã, Uruguay 2 Brazil 1, ilitokea tu kuwa ndiyo iliyoamua, na Brazil ingetosheka na sare. Tukiiita "fainali ya 1950" tunasema kwa mazoea, na sioni haja ya kumsahihisha mtu kwa hilo. Afrika nayo ilifanya vivyo hivyo Ethiopia mwaka 1976: Morocco walitoka sare ya 1-1 na Guinea katika mechi ya mwisho, wakatwaa kombe.

Kinyume chake ni 1957, Khartoum. "Fainali ya" ilikuwapo, Misri ikaichapa Ethiopia 4-0, mabao yote ya Ad-Diba. Ila kuyaita mashindano yale "fainali za" ni kuvuta kamba, kwa sababu hapakuwa na mchujo wowote. Ethiopia walifika mechi ya mwisho bila kugusa mpira, baada ya Afrika Kusini, waliokuwa wacheze nao, kuondolewa kwa sababu ya siasa yao ya ubaguzi wa rangi.

Nao mwaka 1974 ndio ninaoupenda zaidi. Huko Misri, Zaire na Zambia walitoka sare ya 2-2 na muda wa nyongeza ukaisha, wakarudiana baada ya siku mbili, Zaire wakashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire ni ya Ndaye Mulamba. Hapo mtu anaweza kusema "Zaire walicheza fainali mbili" na asiwe ametia chumvi hata punje.

Hatari imo pale mwandishi anapokata maneno ili kichwa cha habari kienee. "Uganda ilicheza fainali 1978" na "Tanzania ilicheza fainali 1980" zinasomeka sawa, kumbe Uganda walifika mechi ya mwisho kweli, wakafungwa 2-0 na Ghana mjini Accra. Neno "ya" au "za" likiachwa, msomaji hana pa kushika. Basi ukiona nafasi ni finyu, andika mashindano. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa fainali za Afrika za 2027 kwa pamoja. Atakayeandika "Tanzania kuandaa fainali" atakuwa amewanyang'anya Nairobi na Kampala mechi moja kubwa kwa kudondosha neno la herufi mbili.