Maswali ya Wasomaji: Tandiko la Nyungunyungu

SWALI: Nafuga nyungunyungu wekundu kwenye makasha mawili ili nipate mboji. Moja nimelitandika vumbi la mbao, jingine samadi mbichi ya ng'ombe. Yote mawili nayalisha maganda ya mboga. Mwezi umepita: wa kasha la kwanza wamedumaa, wa la pili wanapanda kuta na baadhi wamekufa. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea kwenye matandiko yote mawili, ila kila moja lina kasoro yake. Tandiko si kitanda tu, ni chakula pia. Nyungunyungu hushiba hasa bakteria na kuvu wanaoozesha tandiko hilo. Vumbi la mbao lina kaboni mamia kwa sehemu moja ya naitrojeni, ilhali wao hunenepa penye uwiano wa karibu 25 kwa 1. Kuoza kunakwenda polepole mno, hivyo wanabaki kutegemea maganda pekee. Tena vumbi laini likilowa hugandamana na hewa haipenyi.

Samadi mbichi ina lishe tele, lakini inaua kwa njia mbili. Ikianza kuoza hupata joto, na nyungunyungu wekundu wanataka nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi. Zikipita 35 wanakufa. Pia hutoa amonia, gesi yenye harufu kali, na kwa kuwa wao hupumua kwa ngozi, hawana pa kujikinga. Wanaopanda kuta wanaikimbia. Waondoe leo.

Changanya debe tatu za samadi na debe moja ya maboksi yaliyochanwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, bila gundi ya plastiki wala karatasi ya kung'aa. Lowesha, lundika kivulini, pindua kila baada ya siku 3 au 4 kwa wiki 2 hadi 3. Ukizamisha mkono katikati na kukuta joto, bado. Ukifinya konzi moja, yatoke matone machache tu. Maji yakichuruzika, ongeza maboksi makavu.

Usiwahamishe wote kwa pamoja. Weka 10 kwanza juu ya tandiko. Wakizama wenyewe na baada ya saa 24 wote wakawa hai, hamishia waliobaki. Kina cha sentimita 20 hadi 25 kinatosha, maana hawa hula karibu na juu. Vumbi la mbao usilitupe: konzi chache ndani ya mchanganyiko hazina madhara, mradi si la msonobari au mti mwingine wenye utomvu mkali.

Jambo moja husahaulika sana: samadi ya ng'ombe waliopewa dawa ya minyoo karibuni. Baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi na kuwadhuru nyungunyungu. Tafuta samadi nyingine.

SWALI: Nitajuaje kwamba kweli wanakua?

JIBU: Wapime. Kila wiki chukua 20 bila kuchagua wakubwa, waoshe, wakaushe juu ya karatasi, wapime pamoja kwa mizani ya gramu. Uzito ukisimama wiki mbili mfululizo na pete ya uzazi, yaani ukanda mnene unaozunguka mwili wa aliyekomaa, haijajitokeza, ama tandiko limekwisha lishe ama wamesongamana. Kwenye tandiko zuri pete huonekana wiki 6 hadi 8 baada ya kuanguliwa, kisha utaona vifuko vya mayai vya rangi ya limau, vidogo kuliko punje ya mchele.

SWALI: Samadi ya kuku je?

JIBU: Peke yake, hapana; amonia na chumvi zake ni nyingi mno.