Barua ya mbwa wa faraja itoke kwa anayekutibu

Pole sana, dada yangu. Umesema sonona imekuandama huko California, mbwa wa rafiki yako ndiye pekee aliyekutoa kitandani, na sasa unataka wako, awe mbwa wa faraja, yaani wa kumtuliza mgonjwa wa akili kwa kuwa naye tu, ila nyumba uliyopanga hairuhusu wanyama. Inawezekana, lakini anza na matibabu.

Nakusihi usinunue vile vyeti vya mtandaoni vinavyodai kumsajili mbwa kuwa wa faraja. Serikali ya Marekani haina daftari lolote la kuandikisha wanyama wa faraja. Utakuwa umenunua karatasi tu. Kinachotakiwa ni barua ya mtaalamu wa afya mwenye leseni, na tangu 2022 sheria ya California inamtaka awe amekuhudumia angalau siku 30 kabla ya kuandika barua ya mbwa. Siku hizo zitumie vizuri. Mweleze usiku unavyokuwa, umekosa kazini mara ngapi, mbwa yule alikubadilishia nini. Usione haya, wala usitie chumvi. Akikuandikia dawa, meza. Mbwa hachukui nafasi ya dawa.

Barua ikitoka, mwandikie mwenye nyumba kabla hujamleta mbwa, ubaki na nakala. Sheria ya makazi ya Marekani, tangu marekebisho ya 1988, inawalinda pia wenye ulemavu utokanao na ugonjwa wa akili, na ndiyo inayokupa haki ya kumwomba akuruhusu mbwa ingawa nyumba yake hairuhusu wanyama. Huna haja ya kumsimulia ugonjwa wako wote.

Kwenye ndege ni habari nyingine: tangu 2021 mashirika yanaruhusiwa kumhesabu mbwa wa faraja kama mnyama wa kawaida, kwa nauli yake.