Posho sawa kwa wote si haki kwa wote

SWALI

Ndugu mshauri, nina kampuni ndogo inayosambaza vifaa vya maabara. Wafanyakazi wangu tisa wanahitaji usafiri: maafisa mauzo wanne wanaozungukia wateja kila siku, mafundi wawili wanaoitwa mashine zinapoharibika, na wakuu watatu wa idara ambao muda mwingi wako ofisini. Mhasibu anashauri nimpe kila mmoja posho sawa ya gari kila mwezi, anunue gari lake na ajijue mwenyewe. Mkuu wa mauzo anataka kampuni inunue magari tisa. Kila mmoja ameniletea hesabu zake, na kila hesabu inampa ushindi aliyeiandika. Nimfuate nani?

JIBU

Ndugu yangu, kabla sijaanza kujibu barua za wasomaji nilisimamia magari ya kampuni kwa miaka kumi na miwili. Katika barua yako, maneno yaliyonigusa ni hayo mawili: "ajijue mwenyewe". Naomba uyafute kwanza.

Tulikuwa na fundi mmoja tuliyempa posho. Alinunua gari dogo lililotumika kwa mkopo, akalikatia bima ya matumizi binafsi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafuu. Siku moja, akitoka kwa mteja na vipuri vyetu vikiwa kwenye buti, akaligonga gari la mbele. Bima walimuuliza alikuwa akitoka wapi, naye akasema kweli: kazini. Wakakataa kumlipia matengenezo, maana bima aliyokata haikuhusu safari za kazi. Gari lililala gereji miezi minne, mkopo ukiendelea kukatwa kwenye mshahara wake. Na sisi tuliomtuma tulikuwa tunamuuliza kwa nini anachelewa kufika kwa wateja. Barua ya onyo aliyopewa niliisaini mimi. Naijutia mpaka leo.

Kwa hiyo nakuomba uanze na kilomita, pesa zifuate. Tuseme afisa mauzo wako anakwenda kilomita 3,000 za kazi kwa mwezi, na mkuu wa idara anakwenda 400. Kwa mwaka, wa kwanza ana 36,000 na wa pili 4,800. Kama gari linabadilishwa oili kila kilomita 10,000, la afisa mauzo litaingia gereji mara tatu kwa mwaka na kukaribia ya nne. La mkuu wa idara, kwa safari za kazi peke yake, halijafika hata nusu ya njia ya kwenda kwenye oili ya kwanza. Matairi ya kudumu kilomita 40,000 yatakuwa yamekaribia kwisha kwa afisa mauzo mwaka ukiisha. Mwenzake angehitaji zaidi ya miaka minane kuyamaliza kwa kazi yako. Sasa wape posho sawa. Mmoja anabakiwa na akiba, mwingine anaisaidia kampuni yako kutoka mfukoni mwake, na huyo anayekusaidia ndiye anayekuletea mauzo. Ataanza kupunguza safari. Wateja wa mbali atawapigia simu badala ya kuwafuata, na wewe utadhani amekuwa mvivu.

Ndiyo maana maafisa mauzo wanne ningewapa magari ya kampuni bila kusita. Kwao gari ni chombo cha kazi kama zilivyo mashine unazouza, na chombo cha kazi hununuliwa na mwenye kazi. Ukiona kununua ni mzigo, yapo makampuni yanayokodisha magari kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, sevisi ikiwa ndani yake, nawe unalipa kiasi kilekile kila mwezi. Soma tu kipengele cha kilomita. Mikataba hii kwa kawaida ina kikomo cha mwaka, na kila kilomita inayozidi hutozwa. Usikubali kikomo cha 20,000 kwa sababu kinapendeza kwenye karatasi wakati watu wako wanakwenda 36,000.

Kuhusu wakuu wa idara niko na mhasibu. Gari jipya mara nyingi hupoteza kama moja ya tano ya thamani yake mwaka wa kwanza, na bima inadaiwa hata likishinda limeegeshwa. Kununua magari matatu ili yashinde kivulini ni kuzika pesa, na mkuu akiacha kazi utabaki na gari lisilo na dereva. Wao wape posho.

Lakini posho isisimame peke yake. Gari lina gharama za namna mbili: zinazokuja liwe linatembea au limelala, kama bima, ada na kushuka thamani, na zinazokuja kwa sababu magurudumu yamezunguka, yaani mafuta, oili na matairi. Posho ya mwezi ibebe zile za kwanza. Za pili zirudishwe kwa kilomita, kwa kila safari ya kazi iliyoandikwa. Hapo hata mkuu wa idara akitumwa mbali ghafla, hatapiga hesabu ya hasara njiani.

Mafundi wawili ndio walionifanya nifikiri zaidi. Wanabeba zana nzito na vipuri vyenu, kwa hiyo posho siipendi. Ila huenda gari moja la zamu linalolala ofisini likawatosha. Angalia ni mara ngapi wote wawili huitwa siku moja. Kama ni kila wiki, basi yawe mawili.

Kodi nayo ipime kwa pande zote mbili. Posho ya taslimu kwa kawaida huunganishwa na mshahara na kukatwa kodi, kwa hiyo unachotoa sicho kinachomfikia. Gari nalo, likitumika kwa mambo binafsi, nchi nyingi hulihesabu kuwa kipato cha mfanyakazi: Ujerumani, kwa mfano, kanuni ya kawaida ni kuongeza kwenye kipato chake kinachotozwa kodi asilimia 1 ya bei ya orodha ya gari, yaani bei yake rasmi likiwa jipya, kila mwezi, na magari ya umeme yamepewa nafuu. Mhasibu akuoneshe kinachobaki mkononi mwa mfanyakazi, asiishie kwenye kinachotoka kwako.

Kisha andikeni. Mafuta ya Jumapili ni ya nani? Mke au mume anaruhusiwa kuliendesha? Afisa mauzo akienda likizo ya uzazi, gari linabaki kwake au linarudi? Posho inaingia kwenye hesabu ya mafao ya kuacha kazi? Nimeona watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi wakikosana kwa swali la mwisho, kwa sababu tu halikuandikwa siku ya kwanza.

Usinunue chochote mwezi huu. Mpe kila mmoja wa hao tisa daftari la safari kwa miezi mitatu, aandike kilomita za kuondoka na za kurudi, na alikokwenda. Na wale ambao tayari wanatumia magari yao kwa kazi yako, waombe leo nakala ya bima. Uisome mwenyewe mpaka uone imeandikwa kwamba inahusu safari za kazi. Isipoandikwa hivyo, gharama ya kuibadilisha ilipe wewe.