Muulize Mwalimu wa Ushairi: Geti la Kijani Nilisome au Nilifute?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kaptembwo, Nakuru. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu imeegemea ukuta tunaochangia na jirani, na usiku ukuta huo hauna siri. Chama chetu cha akina mama kimeniomba nikisomee Jumamosi shairi la zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Nimetunga hivi:

Usiku mwiko hulia, si kwa ugali jikoni,
Majirani twasikia, twajifunika shukani,
Kukicha anatwambia, kajigonga mlangoni,
Ni pale ukiingia, penye geti la kijani.

Mume wangu asema nitatuletea balaa. Wenzangu wasema nikificha mahali nitakuwa mwoga. Na jirani mwenyewe ni mwanachama, atakuwepo. Nisome nini?
Fundi, Kaptembwo

JIBU: Dada Fundi, nimehesabu kwa vidole kama nilivyozoea darasani: mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane utao, nusu ya pili, na vina havijateleza. (Siku 16, mizani 16. Kama ulikusudia, hongera.) Huo mwiko nao umenikaa kichwani. Ni chombo cha kusongea, na ni jambo lisiloguswa, ndivyo tunavyouchukulia ugomvi wa mke na mume.

Mshororo wa pili ndio ulionishika zaidi. Wengi wanaoniletea mashairi ya kukemea ukatili humnyoshea kidole mpigaji, wakajisahau. Wewe umejilaza chini ya shuka pamoja na sisi wengine.

Tatizo ni geti.

Miaka ya nyuma, nikifundisha huku Kisumu, nilimsifu msichana mmoja kwa shairi lake kuhusu mambo ya kwao, nikamsimamisha alighani siku ya wazazi. Watu walipiga makofi. Kabla ya jioni mtaa mzima ulishajua ni nyumba gani, na muhula uliofuata hakurudi. Yule mtoto aliniletea daftari, mimi nikalifanya kipaza sauti. Kila Novemba namkumbuka.

Wenzako watakutajia washairi jasiri, na ni kweli wapo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka 3 kuanzia 1969 kwa kuuliza Kenya inaelekea wapi, na tungo alizoandika gerezani zikachapishwa 1973. Lakini hatari ile aliichagua mwenyewe, kwa kalamu yake. Jirani yako hajachagua chochote. Ukisoma geti lake Jumamosi, usiku atakayeulizwa "umewaambia nini" ni yeye, wala si wewe.

Kwa hiyo mfiche mtu, kipigo ukiache wazi. Mishororo mitatu usiiguse. Wa mwisho jaribu huu:

Mlango mwasingizia, mkono uko nyumbani.

Mizani ni ile ile. Kipigo bado kipo, uongo wa mlango bado upo, ila sasa wanaoulizwa ni nyinyi mliokubali kuamini. Ukiupenda, ufanye kibwagizo, mshororo wa kurudiwa mwishoni mwa beti zote.

Mume wako naye usimpuuze moja kwa moja. Woga wake una sababu, ingawa dawa yake, kunyamaza, siikubali.

Kabla ya Jumamosi, mwonyeshe jirani karatasi, mkiwa wawili, mumewe hayupo. Akisema usisome, usisome; tunga ubeti mwingine. Akinyamaza, usihesabu hiyo ni ruhusa. Nyuma ya karatasi mwandikie 1195, ni simu ya bure ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, usiku na mchana. Mwambie pia kwamba sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inamruhusu kuomba mahakamani amri ya kumlinda dhidi ya mume, hata kama bado wanaishi pamoja. Na wewe unayesikia ukutani unaweza kupiga ripoti polisi. Kuwa jirani kunatosha.

Akikubali, usisimame peke yako mbele kama mhubiri. Wagawie wanachama wote nakala, wewe ughani mishororo mitatu, nao wakuitikie kibwagizo kwa pamoja. Kila mtu akiwa anatafuta mstari wake kwenye karatasi, hakuna atakayeona nani ameinamisha kichwa.