Kwa mleta mada: ukienda kwa mwanasaikolojia anayetumia umakinifu, tegemea haya

Mleta mada, umesema daktari amekushauri uonane na mwanasaikolojia anayetumia umakinifu kwenye tiba ya mazungumzo, na una hofu mbili: utafumbishwa macho saa nzima bila kusema lolote, na pengine hii ni dini ya watu inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Mimi nimepitia tiba hiyo hapa Dar baada ya kufiwa na baba, usingizi ulipokata kabisa. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Sehemu kubwa ya muda wenu, ambao kwa kawaida ni kama dakika 50, ni maongezi. Unaeleza kilichokuleta, unaulizwa, unajibu. Umakinifu maana yake ni kuwepo na kinachoendelea ndani yako saa hiyo hiyo, bila kukikimbia na bila kujihukumu kwa nini unakihisi. Huyo mtaalamu anautumia katikati ya maongezi, na mara nyingi hata hutajua kwamba hilo ndilo zoezi.

Nikupe mfano. Nilikuwa namsimulia habari za msiba, nikafika kwenye simu niliyopigiwa usiku ule, mara nikahamia kwenye michango, gari la kusafirisha mwili, na nani hakufika. Akanisimamisha kwa upole: “Samahani kaka, tungoje hapo kidogo. Ulipoitaja simu umeshusha pumzi, halafu umeanza kwenda mbio. Mwilini kuna nini sasa hivi?” Nikamwambia hamna kitu. Hakubisha. Akasema, “Sawa. Hiyo hamna unaihisi wapi?” Nikanyamaza. Nilisikia feni, nikahisi koo limekaba kama nimemeza kitu kikavu. Akaniambia nisilitoe, nisilielezee, nilisikilize tu, na nikizidiwa nirudishe akili kwenye nyayo zilivyokanyaga sakafu. Haikufika hata dakika mbili. Nililia kilio ambacho hata makaburini sikulia, kwa sababu pale nilikuwa mtoto mkubwa wa kiume na watu walikuwa wananitazama mimi.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye tiba yenyewe. Wengi wetu tunajua kusimulia matatizo yetu vizuri sana, tena kwa mpangilio, lakini tunasimulia kwa mbali, kama habari za jirani. Mtaalamu wa namna hii anaiona ile sehemu unayoiruka, naye hakuachi uiruke kila mara.

Kwa hiyo usiende ukitegemea kutulia. Watu wanadhani hii ni tiba ya kustarehesha akili. Utulivu unaweza kuja, lakini sio lengo, na zipo siku nilitoka pale nina huzuni kuliko nilivyoingia. Nilichokipata polepole ni kuiona fikra inapoanza. Saa 9 usiku inakuja: “ungempeleka hospitali mapema angepona.” Zamani nilikuwa nabishana nayo hadi alfajiri. Sasa naitambua, najua ni fikra imekuja tena na kifua kimebana, basi. Haijaisha, ila siifuati kila inakoelekea.

Kuhusu dini, nakuelewa kabisa, mimi mwenyewe ni Muislamu na niliuliza siku ya kwanza kabisa. Asili ya mazoezi haya ni tafakuri za Kibuddha, hilo halifichwi. Lakini mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn, huko Massachusetts, Marekani, aliyaingiza hospitalini kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, akiacha ibada nje, akaunda kozi ya wiki 8. Baadaye wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale wakayaunganisha na tiba ya kubadili fikra, kwa ajili ya watu ambao sonona huwarudia. Kwenye utafiti wao wa mwaka 2000, kati ya waliokwisha kuugua mara 3 au zaidi, asilimia 66 ya waliopata matibabu ya kawaida walirudiwa na sonona ndani ya wiki 60, na kwa walioongezewa mafunzo hayo ilikuwa asilimia 37. Waliougua mara 2 tu hawakuonyesha faida hiyo, kwa hiyo asije mtu akakwambia inatibu kila kitu. Na hiyo ni kozi ya darasani, kwa kikundi, yenye mazoezi marefu ya nyumbani. Wewe unakwenda kukaa na mtu mmoja anayechota humo kinachokufaa wewe.

Sikuambiwa nitamke neno lolote la imani ya mtu. Aliwahi kupendekeza zoezi langu la nyumbani liwe wakati wa kutawadha, kuhisi maji kwenye viganja. Nikamwambia hapana, ibada yangu naomba ibaki ilivyo. Alikubali palepale, tukahamia kwenye chai ya asubuhi: joto la kikombe, harufu ya tangawizi, na kuuona mkono unavyoikimbilia simu kabla hata sijameza.

Kufumba macho pia ni hiari. Kama umewahi kubakwa, kupigwa, kupata ajali mbaya, au kuna vipindi unasikia sauti wasizosikia wengine, mwambie mapema kabisa. Kwa watu wengine, kukaa kimya na mwili kunaamsha kumbukumbu kwa nguvu, na mtaalamu anayejua kazi atakwenda nawe macho wazi, kwa muda mfupi, au ataacha mazoezi hayo kwanza. Akikulazimisha, nyanyuka uondoke. Na dawa ulizoandikiwa na daktari usiziache kwa sababu umeanza kupumua vizuri. Hilo ni la kuzungumza na daktari mwenyewe.

Siku ya kwanza itakuwa maswali tu: usingizi, chakula, dawa, familia, pombe, na kama umewahi kufikiria kujiua. Hilo la mwisho lijibu kwa ukweli hata kama ni aibu, maana ndilo linaloamua mtaanzia wapi. Nawe muulize yake: amesomea saikolojia tiba au ushauri nasaha chuo gani, nani anamsimamia kazi, na je, mazoezi haya anayafanya mwenyewe au ameyasoma tu? Wangu alijibu yote bila kununa. Ukimkuta anayekasirika kuulizwa, tafuta mwingine kabla hujamfungulia moyo.